Ulikata Simu Kabla Baba Hajamaliza

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, katikati ya mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Bado unalala dirisha wazi halafu unashangaa kukohoa? Nakuuliza kwa sababu nataka kujua, si kwa sababu barua huanza hivyo. Sisi hatujambo, kwa maana ile ya mtu anayesema hajambo ili salamu iishe. Wapwa zako wanakua na kumaliza viatu. Shemeji yako bado ana lori lake na maumivu yake ya mgongo. Mimi naendelea kusuka watu na kuwapaka rangi, na vidole vyangu vimepata rangi isiyo na jina.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu karatasi haikatwi kama simu. Nimekupigia mpaka yule mwanamke wa mtandao anayesema hupatikani nimemzoea kama wifi. Ujumbe unausoma, alama naziona, na hujibu. Barua hii anakuletea rafiki yako fundi umeme. Nimemwambia asikukabidhi mlangoni akaondoka. Akae, anywe chai yako, akutazame mpaka ukurasa wa mwisho. Ukiona haondoki, ujue nimemtuma.

Nimechoka, mdogo wangu. Nasema mapema usije ukashangaa sauti ya barua hii. Nimechoka na baba, nimechoka na shangazi, nimechoka na majirani, na wewe nimekuchoka kuliko wote, kwa sababu hao wengine angalau naweza kuwagombeza ana kwa ana.

Nianze na kichwa cha mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekufundisha hesabu kwa rula. Alikuja kunyolewa kama kawaida yake. Baba akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akanyoa upande mmoja kuanzia sikioni mpaka utosini, safi kabisa. Halafu akazima mashine, akakung'uta kitambaa, akampa mzee wa watu mkono wa kwaheri, akakaa kwenye kiti cha wateja na kulala. Mwalimu akasubiri, akidhani ni utani. Mwisho akavuka barabara kuja kwangu ninakosukia, huku ameshika kofia.

"Binti, baba yako amekula nusu ya kichwa changu."

Nikakimalizia mimi, kwa mikono iliyozoea kusuka. Ndiyo maana mpaka leo anavaa kofia hata ndani ya nyumba.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Baba akawa anatia chumvi kwenye chai na kuinywa bila kukunja uso. Mchana kutwa analala pale saluni, usiku anakunja taulo na kunoa nyembe kama anayesubiri wateja. Yule baba yetu ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye, akaanza kumfokea shangazi kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Pumzi yake ikawa na harufu ya ajabu, tamu na ya uvundo kwa pamoja. Ukimuuliza leo ni siku gani, anafikiri sana, anakujibu siku ambayo haipo.

Mtaa ukapata la kusema. Kinyozi ameanza kunywa. Walisema hivyo wakiwa wamekaa kwenye kiti chake, wakisubiri zamu zao. Nami niliyavumilia, maana watu wa kusubiri zamu lazima waseme kitu. Lakini na wewe, uliyekulia mgongoni kwa mtu yule, ukaniuliza kwenye simu, "Dada, mzee ameanza mtungi?" Baba huyu ambaye hata dawa ya kikohozi ananusa kwanza. Siku ile ningekuwa na mkono mrefu wa kufika huko, ungekiona.

Hakuna mtungi. Ni kirusi cha zamani kilichoingia kwenye ini lake miaka na miaka iliyopita, kikakaa kimya, na hakuna anayeweza kutuambia kiliingia lini wala wapi. Ini likawa linaumia na kupona, linaumia na kupona, kila mara likiacha kovu, mpaka likawa makovu matupu. Tumbo lilikuwa halijajaa maji, macho hayajawa manjano sana, kwa hiyo hatukujua. Kitu cha kwanza kutuambia kwamba ini limeshindwa kilikuwa kichwa cha mwalimu.

Sasa nije kwenye ile Ijumaa, na usiruke mistari.

Ulipiga jioni. Nikaweka spika, nikamsogezea baba simu. Ukasema, "Shikamoo baba, ni mimi mwanao." Baba akaitazama ile simu kama mteja mkorofi, akasema, "Wewe si mwanangu." Ukakata. Niliona kioo kinazima mkononi mwake. Muda si muda ukatuma ujumbe wako: mwambie amtafute huyo mwanawe wa kweli. Tangu hapo ni kimya, kama tumehama dunia.

Maneno yale yalikukata maini, najua. Nilikuwepo, yalinikata na mimi. Lakini ini lililokatika kweli lilikuwa lake, na ndilo lililozungumza na wewe.

Asubuhi yake hakuamka vizuri. Tulimwita akafungua macho, akayafunga. Shemeji yako akambeba kwenye lori mpaka hospitali, shangazi akiwa amempakata kichwa kwenye mapaja na kusema njia nzima kwamba alijua, alijua, ingawa hakusema alijua nini. Daktari alikuwa msichana mdogo, nywele zake zinahitaji kusukwa upya, lakini ana subira ambayo ningependa kuikopa. Akampa dawa, akangoja apate fahamu kidogo, kisha akamwambia anyooshe mikono mbele na ainue viganja kama anayesimamisha gari. Baba akanyoosha. Viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka, kama mtu anayepungia watu asiowaona. Mikono ile, mdogo wangu, iliyokuwa inapitisha wembe kwenye koo za watu huku yeye anatazama mlangoni. Nilitoka nje nikalia kwenye bomba la maji.

Niliporudi nilikuwa na hasira, na nilipokuwa na hasira nikamwambia daktari asinipe maneno ya kunituliza. Aniambie kitu gani hasa kimeingia kwenye kichwa cha baba yangu, kwa jina lake. Akachukua boksi la glavu, akaligeuza, akachora. Nakupa kama nilivyopewa, na kwa kuwa wewe ndiye uliyependa kuturingia na sayansi yako ya shule, hutasema hukuelewa.

Mtu akila maharage, yai au nyama, anakula protini. Ndani ya protini kuna naitrojeni. Bakteria wanaokaa kwenye utumbo wanavunjavunja mabaki na kutoa amonia. Amonia naijua mimi kuliko daktari: ni ile harufu inayokupiga puani ukifungua chupa ya rangi ya nywele, mpaka macho yanatoka machozi. Kila siku inatengenezwa ndani ya tumbo la kila mtu, langu na lako. Damu inaibeba kutoka kwenye utumbo mpaka kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa urea, kitu kipole kinachotoka na mkojo. Mtu mwenye afya hajui hata kama ipo.

Ini la baba limekuwa gumu. Damu ikifika inakuta njia imebanwa, inatafuta vichochoro vya kuzunguka, na inaingia mwilini pamoja na amonia yake bila kusafishwa. Kidogo inayopita ndani ya ini nayo haisafishwi vya kutosha. Basi inapanda mpaka kwenye ubongo.

Kwenye ubongo kuna seli zenye umbo la nyota. Daktari alizichora vizuri, na mikono mingi. Kazi yake ni kuhudumia zile seli nyingine zinazofikiri: kuzilisha, kuzifagilia, kuondoa kemikali zilizokwisha kutumika. Seli hizi za nyota ndizo pekee kule juu zinazoweza kuishika amonia. Zinaichukua, zinaiunganisha na kitu kinaitwa glutameti, inakuwa glutamini. Ni kazi nzuri, na kwa mtu mwenye afya inatosha. Lakini amonia ikizidi, glutamini inarundikana ndani ya seli, na glutamini inavuta maji. Seli ya nyota inavimba. Sehemu ya hiyo glutamini inaingia mpaka kwenye vile viwanda vidogo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, na huko inageuka tena kuwa amonia na kuvichafua. Umemfungia mwizi nje, kumbe umemwingiza na mzigo.

Seli iliyovimba haihudumii. Kemikali zinazopaswa kusema amka na zile zinazopaswa kusema tulia zinapoteza mizani, na za kusema tulia zinashinda. Hapo mtu anasinzia mchana, anasahau upande wa pili wa kichwa cha mwalimu, anafoka, hamjui mwanawe. Daktari akasema pia kwamba amonia si mshitakiwa peke yake. Maambukizi kidogo, maji kupungua mwilini, choo kufunga, vyote vinaichochea, na hata wataalamu hawajamaliza kuelewana. Nikamshukuru kwa kusema hivyo. Naona wewe kichwa kimekuvimba kwa hasira. Cha baba kilivimba kwa maji. Tofauti ni kwamba yeye hakuchagua.

Dawa yenyewe ni ya maji, tamu kama sharubati. Ni sukari ambayo mwili hauwezi kuifyonza, kwa hiyo inafika chini kwa bakteria nzima nzima. Wanaila, wanatoa asidi. Kwenye asidi, amonia inadaka chembe moja ya haidrojeni na kubadilika, na ikishabadilika haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kurudi kwenye damu. Inabaki humo humo, inatoka na choo. Ndiyo siri nzima ya matibabu: atoke choo. Tuliporuhusiwa, muuguzi akamkazia shangazi macho, maana ndiye anayeshinda naye nyumbani. "Mama, hakikisha anapata choo mara tatu kwa siku." Shangazi akasema amesikia.

Na kweli alisikia. Shangazi ni mtu wa neno lake. Kila siku, asubuhi, mchana na jioni, alimshika baba mkono, akampeleka chooni, akamfungia mlango, akasubiri nje na taulo, akamrudisha. Nikipita nyumbani mara moja namuuliza, "Shangazi, amepata choo?" Ananijibu, "Mara tatu, sijakosa." Nami narudi kwenye vichwa vya watu nikiwa na amani.

Ile dawa, kwa upande mwingine, aliiona ina matatizo. Siku za mwanzo tumbo la baba lilikuwa laini, akaona anaharisha, na mgonjwa hawezi kuachwa aharishe. Tena ni tamu mno, itamletea sukari. Badala ya kipimo cha daktari akawa anampa kijiko cha chai, tena cha bapa. Na kwa kuwa alisikia protini ndiyo inayoleta amonia, akafuta mayai na maharage, akamlisha uji mweupe. Yote haya bila kuniambia, kwa sababu mimi, eti, ni mkali.

Baba akaanza kusinzia tena. Akaita taulo jina la mama, Mungu amrehemu. Tukarudi kwenye lori. Daktari yule yule akatuuliza, mimi nikajibu kwa kujiamini kwamba choo anapata mara tatu bila kukosa. Akamgeukia shangazi.

"Choo chake kikoje, mama?"

"Kisafi, daktari. Nakiosha mwenyewe kila asubuhi."

Daktari akaweka kalamu chini. Nikamtazama shangazi, shangazi akanitazama, na nikaona neno zima la Kiswahili linapasuka katikati mbele ya macho yangu. Tumbo la baba lilikuwa halijafunguka tangu mwanzo wa juma. Alikuwa anapelekwa, anakaa, anatazama ukuta, anarudishwa. Hakuna aliyemuuliza kama kuna kilichotoka, na yeye si mtu wa kusema mambo hayo mbele ya dada yake.

Sikujua nicheke au nipige mtu. Shangazi alilia mpaka wauguzi wakamletea kiti. Alisema amemuua kaka yake kwa usafi. Daktari akamwambia hapana, hajamuua, na akamweleza tena pole pole, mara hii kwa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima. Mayai na maharage akayarudisha, akasema misuli nayo inasaidia kufuta amonia, na mtu anayelishwa uji mtupu anakonda misuli hiyo. Dawa kwa kipimo. Choo kitoke, si kiendewe.

Na kikatoka. Samahani kwa habari hii, lakini nyumba nzima ilishangilia kama timu imefunga goli. Leo baba ana akili zake. Anajua siku, anajua bei ya betri za redio, anajua kwamba nimemharibia mwalimu kichwa na amenisema vya kutosha. Viganja akiviinua vinakaa. Wembe bado hajaruhusiwa, mashine peke yake, na nipo nasimama nyuma yake.

Lakini daktari hakuficha. Ini halitarudi kuwa jipya, na ukungu huu unaweza kumwangukia tena siku yoyote, kwa homa ndogo tu au kwa kijiko cha bapa. Kila ukungu unaporudi, haijulikani atatoka humo vipi. Kwa hiyo ana asubuhi zake nzuri, nyingi au chache, na hakuna anayeziona ila sisi.

Lile alilokwambia halikumbuki kabisa. Simu ile kwake haikuwahi kupigwa. Kila akimaliza chai anauliza kwa nini hupigi, nami nasema mtandao. Jana akaniambia mtandao gani huo unaougua kuliko yeye. Nimeishiwa uongo, na sina nia ya kutafuta mwingine.

Sasa nikwambie kitu nilichokiweka mpaka hapa kwa makusudi. Nilitaka usome kwanza habari za ini, amonia na zile nyota, usije ukasema dada ananitungia maneno matamu ya kunipoza. Shangazi alikuwepo, muulize. Ulipokata simu, baba alikuwa hajamaliza. Alivuta pumzi tu, unajua anavyozungumza polepole. Simu ilikuwa imeshazima, yeye bado ameishika, akaendelea kuiambia:

"Wewe si mwanangu. Mwanangu sauti yake bado nyembamba. Yuko shule, atarudi jioni. Mwekeeni chakula."

Na usiku ule alikataa sahani yako kuondolewa mezani.

Basi umesikia. Ulikuwa unakanwa kwa ajili yako mwenyewe, ewe mtu wa kukata simu. Ungengoja pumzi moja.

Piga asubuhi, akishakunywa chai, ndipo anapokuwa vizuri. Sema polepole. Akisema neno la ajabu, usinune. Niite mimi uniulize kama amepata choo, na sasa unajua ni kipi ninachomaanisha.

Shangazi anakusalimu sana na anaomba usimcheke. Shemeji yako anakusalimu, anasema akipata mzigo wa upande huo atapita kukuvuta masikio kwa niaba yangu. Wapwa zako wanakusalimu wote na wanaulizia viatu. Mwalimu mkuu anakusalimu kutoka chini ya kofia.

Baba anakusalimu. Hajui barua hii inasema nini, ameniona naandika tu. Anauliza huko nani anakunyoa, na kama mtu huyo anajua kwamba nywele zako za kisogoni zimeota kwa kuzunguka, asipitishe mashine kinyume, utatoka vipele. Mimi sijui. Mjibu mwenyewe.

Mungu akulinde na baridi, akupe usingizi, na akuongezee subira ya pumzi moja kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye na niliyekuchoka, yote kwa pamoja.